Herufi Tatu Chini ya Dashibodi

Mama alikuwa akiniita washawasha, na si kwa kunisifu. Alisema tangu nilipoanza kutambaa sikuwahi kumaliza sahani nikiwa nimekaa mahali pamoja. Hata nilipokuwa mtu mzima, dereva mwenye leseni na kofia, alikuwa bado akinigonga goti kwa mwiko nikilitikisa wakati wa kula. Nayaandika haya nikiwa mzee, na goti hilo linatikisika chini ya meza hivi sasa. Nalitaja mapema kwa sababu kisa chote kinatokana nalo. Mtu mtulivu angekisoma kile kitambaa mara mbili.

Mwaka ninaousema, lori nililokuwa nikiliendesha lilianza kupiga honi lenyewe. Nikikanyaga breki, honi inalia. Nikiwasha taa, ya kushoto inazimika na honi inalia kidogo, kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Nikikata kona kwenda Chang'ombe haisemi kitu; nikikata kona kurudi Keko inalia mpaka nimalize. Vijana wa Temeke walikuwa wakiniamkia kwa kuiga mlio huo, nami nilikuwa nawatukana bila kupunguza mwendo.

Wazee hawakucheka. Lori lile lilikuwa la jeshi, miongoni mwa yale yaliyouzwa baada ya vita vya Hitla, na dereva wake wa kwanza hapa mjini alikuwa kaka yangu. Kaka alifariki kwa homa, miaka minne kabla ya honi kuanza vituko vyake. Jumatatu alirudi kazini akilalamika mgongo, Alhamisi tukamzika. Mimi nikarithi kazi yake, na baadhi ya majirani sasa wakaanza kunong'ona kwamba mwenyewe amekuja kuulizia gari lake.

Mwenye lori alikuwa tajiri Mhindi wa Keko aliyewauzia maseremala mbao. Alikuwa Mshia, mzaliwa wa hapahapa, babu yake amezikwa hapa, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha askari wengi wa barabarani. Alinivumilia mpaka mwezi wa Muharram. Siku moja ya mwezi huo, yeye na jamaa zake wamevaa nyeusi, wamejaa msikitini kwao mjini kwa maombolezo, mimi nikapita nje na shehena ya mbao. Mtu wa mkokoteni akakatisha mbele yangu. Nikakanyaga breki. Honi ikalia, ikakwama, ikaendelea kulia mpaka niliporuka chini na kuchomoa waya wa betri kwa mkono mtupu.

Kesho yake tajiri aliniita mbele ya ghala.

"Watu wanamlilia Imamu, wewe unapiga honi ya harusi."

"Si mie, tajiri. Ni lori."

"Sikiliza, bwana. Kwa harusi ya dada yako nimekupa gari, na neno langu silirudishi. Lakini honi hii ikome kwanza. Isipokoma, bibi harusi ataenda kwa miguu."

Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Dada yetu mdogo alikuwa anaolewa Mbagala, na mimi nilishajigamba kwa mtaa mzima kwamba akina mama wote watapanda lori na ngoma zao. Lakini si lori lililonikosesha usingizi wiki ile. Baba yetu alikuwa amekwisha kufa, na sisi ni Wazaramo. Kwetu msichana anaweza kuwa na baba na kaka na ami kumi, lakini mwenye msichana ni mjomba. Yeye ndiye anayeulizwa, na yeye ndiye anayepelekewa kilemba, ile sehemu yake katika posa, hata kama ni kitambaa tu cha kufunga kichwani. Wajumbe wa upande wa mume walipokuja mara ya mwisho, waliuliza kwa adabu kilemba cha mjomba wakipeleke kwa nani.

"Hana mjomba," mama akawajibu.

Mjomba alikuwa hai, yuko Kinondoni, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Wajumbe wale walijua. Waliangalia chini wakanywa kahawa yao. Dada alikuwa nyuma ya pazia, na walipoondoka alinishika mkono uani akaniambia, "Nitaolewa kama mtoto wa kuokotwa." Aliniambia mimi kwa sababu mama alikuwa hasemeki juu ya jambo hilo. Nikamwambia aache ujinga. Nilimwambia kwa ukali, maana niliona haya, na haya yangu hutoka kwa sauti kubwa.

Sasa nieleze jinsi mjomba alivyokuwa hayupo.

Alikuwa fundi wa umeme. Alijifunza kwa kumbebea vyombo Mgoa mmoja aliyekuwa akifunga taa katika nyumba za Wazungu, mpaka ikawa Mgoa anabaki kivulini na mjomba ndiye anayepanda ngazi. Herufi za Kizungu hakuzijua. Aliandika kila kitu kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya wengi wa rika lake. Kaka alipopata kazi ya lori, mjomba alishinda humo siku mbili akifunga upya nyaya zote. Siku ya pili jioni alikuja nyumbani, mikono myeusi, wakagombana na mama uani. Yeye alisema lile gari halifai kumpa mtoto. Mama alisema mtoto amepata kazi kwa mara ya kwanza na mjomba mtu anaona wivu. Maneno yalipanda, na mjomba akatoka akisema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, "Mtanikumbuka!"

Miezi miwili baadaye kaka akafa.

Siku ya nane baada ya mazishi, tajiri aliniambia nikachukue vitu vya marehemu ndani ya lori. Koti, chanuo, makubadhi. Kubadhi moja lilikuwa limeingia chini kabisa, na nilipoinama kulitafuta nikaona kitambaa cheupe, upana wa vidole viwili, kimefungwa kwa uzi mwekundu kwenye waya chini ya dashibodi. Kilikuwa na maandishi ya wino. Mimu, wau, te.

Wiki nzima nilikuwa nimekaa matangani tukimsomea kaka, na neno hilo lilikuwa limepita mdomoni mwangu sijui mara ngapi. Katika chuo cha Kurani nilikuwa mwanafunzi mbovu. Nilihitimisha kwa fimbo zaidi kuliko kwa akili, kisha nikapelekwa skuli ya serikali nikayasahau hata yale machache. Lakini neno hilo nilikuwa nalo ulimini. Kwa hiyo, nikisema kweli, sikulisoma. Nililikumbuka tu. Mauti.

Niliukata uzi kwa meno. Nikakimbia kutoka Keko mpaka kwetu Temeke, makubadhi ya kaka nimeyashika mkononi, nikamkuta mama amelala kwenye mkeka wa matanga, nikamwambia yote kwa pumzi moja: kitambaa kilikuwa chini ya usukani wa kaka, kimeandikwa mauti, na mwandiko ni wa mjomba.

Mama hakukitazama. Alikifunga kwenye ncha ya kanga yake, baadaye akakiweka chini kabisa ya sanduku, maana maandishi ya herufi za Msahafu hayachomwi wala hayatupwi jaani. Kisha akatoka uani akapiga ukelele, "Kaka yangu kaniulia mwanangu!" Hakusema zaidi ya hapo. Ilitosha. Kufikia alasiri mtaa ulikuwa umekumbuka "mtanikumbuka" ya mjomba, na kila mtu alikuwa na jambo lake dogo la kuongezea.

Mjomba alikuja jioni ileile na kikapu cha mihogo kwa ajili ya matanga. Mama alimfungia mlango. Nakumbuka sauti yake kutoka nje, ya kushangaa kuliko ya hasira: "Nimefanya nini?" Mama akamjibu kutoka ndani, "Unajua mwenyewe ulichofanya!" Mimi nilikuwa nimekaa palepale, goti likitikisika, na sikufungua mdomo. Miezi mitatu baadaye alihama. Msikitini watu walikuwa wakimwachia nafasi pande zote mbili, na wanawake walikuwa wakiwavuta watoto wao ndani akipita.

Basi. Jumapili ile, siku tano kabla ya harusi, nilililaza lori chini ya mabati ya ghala la mbao na kuivua dashibodi.

Niliyoyakuta nyuma yake siwezi kuyasahau. Nyaya zimesongamana kama tambi zilizopikwa na mvivu. Nyaya za siku zile zilivikwa uzi wa pamba, kila moja na rangi yake, lakini joto na vumbi la miaka vilikuwa vimezifanya zote rangi moja, rangi ya mkeka mkuukuu. Nyingine ziliishia hewani. Nyingine ziliingia kwenye kiungo kimoja tatu na kutoka mbili. Wanajeshi walikuwa wamefunga zao, mjomba zake, na katika miaka ile minne mimi mwenyewe, kila kitu kilipokufa njiani, nilikuwa nimeunga popote palipowaka na kuendelea na safari.

Nilikuwa na bisibisi, koleo, na balbu ndogo niliyoifunga nyaya mbili: mmoja naubana kwenye bodi ya gari, wa pili naugusisha ninapotaka kujua. Njia hiyo ni nzuri kwa mtu mwenye subira. Mimi nilianza kwa kuvuta. Nilivuta waya mmoja, taa ya nyuma ikazimika. Nikavuta mwingine, kijiti cha kufuta kioo kikapiga mara moja kikasimama katikati. Nikaunga, nikaungua, nikarusha koleo kwenye rundo la pumba za mbao, ikanibidi kulitafuta kwa magoti robo saa nzima. Maseremala wa ng'ambo ya barabara waliacha kugonga ili wanitazame.

Tajiri alitoka ndani na kikombe cha chai akasimama nyuma yangu.

"Usiuvute," akasema. "Ufuate."

"Naufuata, tajiri."

"Unauvuta. Nimekutazama tangu saa nne. Waya ukiuvuta hauwezi kukwambia ulikokuwa unakwenda."

Aliniudhi sana kwa sababu alikuwa sahihi. Nikalala chali sakafuni mwa lori, miguu nje, kichwa chini ya usukani, nikashika waya mmoja kwa vidole viwili na kuufuata polepole kwa kuupapasa, mpaka pale mkono wangu ulipoingia nyuma ya kisahani cha mafuta. Huko vidole vikagusa kitambaa.

Nilitoa mkono kana kwamba nimegusa nge. Nasema ukweli, nilitaka kuondoka. Nilifikiri, kumbe alifunga zaidi ya kimoja, na miaka minne nimekalia hirizi hizi nikila mihogo. Nilijikaza kwa sababu maseremala walikuwa wananiangalia. Nikakivuta kitambaa kwenye mwanga. Kilikuwa kimelowa grisi, upana uleule wa vidole viwili, uzi uleule mwekundu. Te, alifu.

Ta. Taa.

Nikausogeza mkono kwenye waya wa jirani. Huo nao ulikuwa na kitambaa. He, wau, nuni, ye. Nilikisoma kwa kuhesabu herufi kama mtoto wa juzi chuoni, midomo ikicheza. Honi. Cha tatu: be, re, kafu, ye. Breki.

Nilianza kucheka, peke yangu, chini ya dashibodi. Mchawi gani huyu anayemroga mtu kwa neno honi? Nilicheka, halafu kicheko kikaanza kunikaa vibaya kifuani, sikujua bado kwa nini. Nikaendelea kufuata. Kulikuwa na waya mmoja mnene kuliko wenzake, uliotoka upande wa betri, ambao haukuwa na kitambaa. Ulikuwa na duara la uzi mwekundu tu. Ncha za uzi huo zilikuwa zimechanika vibaya, hazikukatwa kwa kisu. Zilikuwa zimetafunwa.

Nikaugusisha balbu yangu. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni, kila kitu kimezimwa, na balbu ikawaka kwa nguvu zake zote.

"Ahaa," nikasema kwa sauti, kama angesema fundi yeyote kati ya Keko na Ilala. "Huu ndio wa moto."

Halafu nikalisikia neno nililolisema.

Niliteremka. Nikachuchumaa kwenye pumba za mbao nikaziandika herufi kwa kidole: mimu, wau, te. Nikazitazama. Mjomba hakuwa akiandika Kiarabu. Kiarabu alikijua cha kusalia tu, kama sisi sote. Alichokiandika siku zote za maisha yake kilikuwa Kiswahili, taa na honi na breki. Mimu na wau, mo. Te, na juu yake dhumma, kile kialama kidogo kama mkia wa kiluwiluwi kinachoifanya te iwe to. Moto. Aliufungia waya wa moto kitambaa ili mtoto wa dada yake asiushike akaungua.

Goti langu lilitulia. Nalikumbuka hilo kwa sababu nililiona, kama mtu anavyoona saa ya ukutani imesimama. Maseremala walikuwa wamerudi kwenye kazi zao. Sikuirudisha dashibodi. Niliunganisha kila waya palepale nilipouchomoa, honi na ubaya wake, nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi.

"Mama, kile kitambaa kiko wapi?"

Hakuuliza kitambaa gani. Mkono wake uliendelea kuzungusha kifuu. "Unakitakia nini leo? Una harusi ya dada yako mbele yako."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio mbaya, nikaanza na breki, nikarudi kwenye balbu, nikasahau uzi, nikaukumbuka. Mahali fulani katikati kifuu kikaacha kuzunguka. Akainuka na mikono ikiwa na nazi, akaingia ndani, nikamsikia akitoa nguo moja moja kutoka kwenye sanduku na kuziweka kitandani. Alitoka na kitambaa kwenye kiganja, akasimama mahali penye jua, akakisogeza mpaka karibu kiguse pua. Mama alikuwa msomaji mzuri kuliko sote. Alikuwa akisoma Msahafu kila alfajiri. Kwa miaka minne alikuwa akiinua na kushusha nguo zake juu ya kitambaa kile bila kukifungua.

"Dhumma ipo," akasema.

"Imefifia."

"Imefifia, ipo. Hukuiona?"

"Sikutazama, mama."

Alinyanyua mkono, nikadhani atanipiga, na ningeshukuru. Akaushusha. Alikaa juu ya mbuzi tena kama mtu aliyechoka safari.

"Siku ile, nani aliyenisomea?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye utakayemsomea."

Usiku ule sikulala hata kidogo. Jumatatu tajiri alinipa lori kwa nusu siku. Nilimweleza kwa ufupi, akasikiliza akiwa anafuta miwani yake, akasema tu, "Nenda. Lakini usipite msikitini." Mama alipanda mbele. Hakuwa amewahi kukaa mbele ya gari maishani mwake. Alishika chuma cha kioo kwa mikono yote miwili na hakukiachia Ilala wala Magomeni. Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili, sijui nilikuwa nasema nini, mpaka akaniambia, "Nyamaza, baba, niwaze."

Nilikuwa nimepanga kusimama mbali kidogo na nyumba, nitembee kwa heshima. Lakini palikuwa na kuku barabarani. Nikakanyaga breki mbele ya baraza lenyewe, na honi ikalia kwa urefu wake wote. Watu wakatoka kwenye nyumba tatu.

Mjomba alikuwa barazani, anatengeneza jiko la mafuta. Alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja zaidi ya mwingine. Alilitambua lori. Nilimwona akilitambua, akamwona aliyekaa mbele, akarudisha macho kwenye jiko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yote yaliondoka. Nikanyoosha mkono nikampa kitambaa. Alivifuta vidole vyake kwanza kwenye shuka, akakipokea, akakigeuza.

"Hiki nilikifunga kwenye gari la kaka yako."

"Ndiyo, mjomba."

"Nani alikitoa? Waya ule hauachwi mtupu. Mtu anaweza kuungua." Akanitazama usoni, na hapo nadhani alianza kuelewa, maana sauti yake ilishuka. "Soma."

"Moto."

"Sikusikia."

"Moto, mjomba."

"Na siku ile ulisoma nini?"

Sikuweza kulitamka. Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya watu wa nyumba tatu, mimi mwenye leseni na kofia. Alisubiri. Alikuwa mtu wa kusubiri. Mwishowe nikalitoa lile neno, nalo likatoka dogo sana.

"Kumbe ni hiki," akasema. Si kwangu. Alikuwa akikiambia kitambaa. "Miaka minne najiuliza nimefanya nini. Nimejipekua mpaka mambo ya utotoni. Nikasema labda mihogo niliyoleta ilikuwa michungu. Atakuja mtu aniambie, nikasema. Kumbe ni hiki."

"Nisamehe, mjomba."

Aliinuka, akachukua bisibisi yake, akaenda kwenye lori kwa upande wangu, si kwa upande aliokaa mama. Dashibodi ilikuwa bado wazi. Akaingiza mkono bila kuangalia, kama mtu anayetafuta chumvi jikoni kwake, akakifunga kitambaa mahali pake. Halafu akavuta waya mwingine nje kidogo.

"Huu nani kauunga?"

"Mimi."

"Umeunga honi na breki."

Alizitenganisha kwa meno na vidole. Kazi iliyonishinda siku nzima ilimchukua muda wa kukunja sigara. Alipomaliza hakutoa kichwa. Alibaki ameinama palepale, na mama yuko kwenye kiti cha pili, wametenganishwa na usukani tu. Nilikuwa nimesimama nje nikiwasikia wote wawili wakipumua.

"Kaka," akasema mama.

"Nilikwambia gari litawaka moto," mjomba akasema, bado anaangalia nyaya. "Siku ile uani. Nilisema litawaka, na siku hiyo mtanikumbuka. Nyie mkachukua la mwisho tu."

"Kaka, nimekukosea."

Kuku wale wakarudi barabarani. Mwishowe mjomba akaifuta bisibisi kwenye shuka.

"Harusi lini?"

"Ijumaa."

"Mjomba wake mmeshamwambia?"

Mama alianza kulia, akajifuta kwa kanga, akajiweka sawa kwenye kiti kama mjumbe aliyetumwa. "Ndiyo tumekuja kumwambia," akasema.

Alikuja. Alikuja Alhamisi na kanzu mpya, akapokea kilemba chake mbele ya watu, dada akampigia magoti na kukataa kuinuka mpaka alipoinuliwa. Ijumaa alikaa nami mbele ndani ya lori, na kutoka Temeke mpaka Mbagala honi ililia pale tu nilipotaka ilie. Nilitaka mara nyingi. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikidhani jambo limekwisha.

Tulipokuwa bado uani, kabla ya kuondoka, mjomba alipita katikati ya wageni na sinia la sharubati, kwa kuwa ndiye mwenyeji. Jirani yetu mmoja, mwanamke aliyekuwa akinipa maandazi tangu utoto wangu, alimwona anakuja. Alimvuta mjukuu wake nyuma ya kanga na kukataa gilasi kwa tabasamu. Mjomba aliliona. Akahamishia sinia mkono wa pili akaendelea.

Mimi sikuweza kuvumilia. Nilimfuata jirani yule mpaka kwenye kona ya ua, nikamwambia kwa haraka, kwa sauti ya chini, kwamba halikuwa kosa la mjomba, mimi ndiye nilikosea, lile neno halikuwa mauti, lilikuwa moto.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwenye homa. Hakuwahi kukiona kile kitambaa. Hakuna aliyekiona. Nilikuwa nimemsomea mama peke yake. Mtaa ulikuwa umesikia ukelele tu.

"Moto gani, mwanangu?" akaniuliza.